Namna ya Kuishi na Swali Moja kwa Miaka Miwili

Andaa jibu la shangazi kabla hujaandaa hata nakala za vyeti. Utaulizwa mapema, kwenye simu au msibani mbele ya watu: "Eti unasomea saikolojia? Haya, niambie sasa hivi nawaza nini." Usicheke ukanyamaza, maana atakayefuata ni mjomba, na baada yake jirani mwenye mtoto anayekojoa kitandani. Mjibu kwa adabu: "Shangazi, sijui unawaza nini. Najifunza namna ya kuwauliza watu mia mbili swali moja bila kuwapotosha, halafu nijue majibu yao yanasema nini." Atakutazama kama mtu aliyetapeliwa ada. Mwache. Hilo ndilo jibu la kweli, na ukiweza kulitamka bila kugugumia, kozi yako umeshaielewa.

Uzamili wa utafiti wa saikolojia haukufanyi mganga wa roho za watu. Upo uzamili wa tiba, ambao mwanafunzi wake anakaa na wagonjwa hospitalini chini ya jicho la mwalimu. Wako unakufundisha kuuliza, kupima, kuhesabu na kuandika. Lakini majirani hawatajua tofauti hiyo, na watakuja usiku wakiwa na shida za kweli. Kwa hiyo weka kwenye simu yako namba ya kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu, na jina la muuguzi anayepokea wagonjwa. Fanya hivyo wiki ya kwanza. Mtu anayekuja kwako na machozi asiondoke na maneno ya kitabuni. Aondoke anajua Jumatatu aende mlango gani.

Sasa tafuta swali. Liwe dogo kiasi cha kupanda daladala ya Mbagala saa moja asubuhi na bado likapata pa kushika. "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania" ni lori la mchanga, halipiti mtaa wowote. Vijana gani, wa wapi? Mtandao upi, na athari kwenye kitu gani? Likate. Likate tena: je, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaolala na simu kitandani hulala muda mfupi kuliko wenzao wanaoiacha sebuleni? Hilo linabebeka. Mweleze kondakta kati ya kituo na kituo. Akikuuliza la nyongeza ("Na wale ambao simu ni ya mama?"), umepata swali, na umepata pia kigezo ulichokuwa umekisahau. Liandike la kondakta kwenye daftari.

Kabla hujaandika kwamba "hakuna utafiti uliowahi kufanyika Afrika Mashariki", tafuta mpaka macho yaume. Sentensi hiyo nimeisoma kwenye maandiko mengi ya wanafunzi, na mara nyingi si kweli. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mama inafundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima, nayo sehemu ya mizizi yake iko Buganda. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na mji, kila baada ya wiki mbili, akiwa na mkalimani, akiwaangalia watoto wachanga wanavyomlilia mama akiondoka na wanavyompokea akirudi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka 1967. Jaribio lake maarufu la maabara, lile la mtoto kubaki chumbani na mgeni, lilikuja baadaye huko Baltimore. Mwanafunzi wa Makerere au wa Dar es Salaam anayeamini kwamba nadharia hii ni mali ya Wazungu aliyoazimwa anastahili kuambiwa ilijifunzia kwa nani.

Nenda pia Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa Kijaluo juu ya dawa za asili: mti upi unatibu nini, unapewa mgonjwa vipi. Matokeo yalichapishwa 2001. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo katika vipimo vya msamiati wa shule. Soma hapo polepole. Mtoto mmoja, kwa kipimo hiki mjuzi, kwa kile mzito. Wajaluo wenyewe wana neno *rieko* kwa akili ya ujuzi, na hawaliachi litembee peke yake. Wanataka liandamane na *luoro*, heshima. Ukipima la kwanza ukaliacha la pili, umempima mtoto nusu, na mama yake angekuambia hivyo hata bila shahada.

Au chukua lile jaribio la pipi ambalo wahamasishaji hulipenda: mtoto anawekewa kitu kitamu, anaambiwa akisubiri atapewa viwili. Bettina Lamm na wenzake walilipeleka kwa watoto wa miaka minne wa Kinso, Kamerun, kwa kutumia andazi la kwao, wakawalinganisha na watoto wa Kijerumani. Karibu 70% ya Wanso walisubiri mpaka mwisho. Kwa Wajerumani hawakufika theluthi. Matokeo hayo yalitoka 2018, baada ya takriban nusu karne ya vitabu kuzungumzia subira kana kwamba watoto wote wamelelewa kwenye nyumba moja.

Na sababu ya kwenda kote huko ni hii. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu washiriki wa tafiti zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani. 96% walitoka nchi tajiri za Magharibi, ambazo zina takriban 12% ya watu wote duniani. Elimu inayojiita ya binadamu imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya watu wa nchi hizo chache. Sikuambii hivyo ili ukasirike. Nakuambia ili ujue kwamba dodoso lako la kurasa tatu, likiwa limetengenezwa vizuri kwa Kiswahili, lina nafasi kwenye meza hiyo, na kwamba uzembe wako una gharama kubwa kuliko unavyodhani.

Supavaiza. Chagua mwenye muda kabla ya mwenye jina. Waulize wanafunzi wake wa mwaka uliopita jambo moja tu: ukimpelekea sura, inarudi baada ya siku ngapi? Umri wake, cheo chake na safari zake za nje havitakusaidia siku ya kurudisha marekebisho. Ukishampata, ufute kinywani mwako neno "naendelea".

"Shikamoo, Profesa."
"Marahaba. Umefikia wapi?"
"Naendelea, Profesa."

Mazungumzo hayo yanaweza kurudiwa kwa miezi minane, na wote wawili mkaagana kwa heshima kila mara. Badala yake sema: "Profesa, nimemaliza kurasa nne za mbinu. Nimekwama kwenye kuchagua shule. Nina njia mbili, naomba unisaidie kuchagua." Mpelekee kurasa chache zenye maswali matatu juu, wala usimpelekee sura nzima yenye salamu tu. Wasimamizi wengi ni watu wema waliozidiwa na madarasa ya wanafunzi mia tatu. Ukimrahisishia wako kukusaidia, atakusaidia.

Kisha jiandae kukutana na namba 384. Utaikuta kwenye tasnifu ya kaka yako, ya jirani wa bweni, na ya yule aliyemaliza zamani. Inatoka kwenye hesabu ya kukadiria asilimia katika umma mkubwa: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linaishia hapohapo kwa watu milioni moja, na wengi hunakili kutoka kwenye vitabu vya mbinu vya Kothari au vya Mugenda na Mugenda bila kuuliza. Hesabu yenyewe haina kosa. Inajibu swali la mtu anayetaka kujua ni asilimia ngapi ya wakazi wanakunywa maji ya kisima, akubali kukosea kwa pointi tano. Wewe unataka kulinganisha makundi mawili ya wanafunzi. Hapo unauliza: tofauti ninayoitafuta ni kubwa kiasi gani, na nataka nafasi gani ya kuiona ikiwa ipo? Kwa tofauti ya wastani, ile ambayo Jacob Cohen aliipa 0.5, unahitaji watu 64 kila kundi ili uwe na nafasi ya 80%. Kwa tofauti ndogo ya 0.2 unahitaji 394 kila kundi. Programu ya G*Power inakuhesabia bure kwa dakika tano. Kwa hiyo siku ya kutetea andiko, mjumbe akiuliza "Kwa nini hawa?", usimjibu kwa jina la kitabu. Mjibu kwa hesabu yako.

Sasa tumefika kwenye dodoso, na hapa naomba tukae, tuagize hata chai ya rangi.

Wengi huchukua kipimo cha Kiingereza, wanampa rafiki aliyesoma lugha, anatafsiri usiku mmoja kwa elfu thelathini, kesho kinachapwa steshenari. Tangu Richard Brislin aandike juu ya tafsiri ya kurudisha mwaka 1970, tunajua hatua za chini kabisa: mmoja atafsiri kuja Kiswahili, mwingine asiyeona maandishi ya awali arudishe Kiingereza, mlinganishe, mgombane, msawazishe. Fanya hivyo. Lakini usiishie hapo, kwa sababu tafsiri inaweza kurudi salama salimini na bado mtu wa Mbagala asielewe umemuuliza nini.

Chukua neno "mawazo". Kitabuni ni fikra. Mtaani, mtu akisema "nina mawazo" ana deni, ana mgonjwa, au mume hajarudi. Ukiuliza "Je, umekuwa na mawazo mengi?" kwa nia ya kupima fikra zinazokimbia, kila mtu atasema ndiyo, na atakuwa amesema kweli juu ya jambo jingine. "Moyo unaenda mbio" unaweza kuwa hofu, unaweza kuwa presha, unaweza kuwa kupanda ngazi. "Kukosa raha", "kuishiwa nguvu", "roho kuuma" ni maneno ambayo watu wanayatumia kwa hiari yao, na kila moja lina eneo lake. Sonona ni neno zuri la kitaalamu, lakini ukimuuliza mtu kama ana sonona unamtaka ajitambulishe ugonjwa mwenyewe kabla hujampima.

Waliofanya kazi Zimbabwe walitangulia kutuonyesha njia. Vikram Patel na wenzake huko Harare walianza na jinsi watu wanavyosema kwa Kishona, ikiwemo *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, wakajenga hojaji yenye maswali 14 iliyochapishwa 1997. Baadaye hojaji hiyohiyo ilitumika kwenye mabenchi ya urafiki ya Dixon Chibanda, ambako bibi waliofunzwa hukaa chini ya mti na mwenye shida wakazungumza. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2016. Angalia mpangilio wao: walisikiliza kwanza, wakaandika baadaye.

Nilijifunza hilo kwa mama mmoja muuza vitumbua. Nilikuwa kwenye uchunguzi wa awali, na swali langu la saba liliuliza kama mtu amekuwa akilia bila sababu. Nikalisoma vizuri, kwa sauti niliyofundishwa. Akageuza vitumbua vitatu, akafuta mikono.

"Mwanangu, nani analia bila sababu?"

Nikakosa la kumjibu. Swali lilikuwa limebeba hukumu ya mtu mwingine, mtu anayemtazama mwenzake akilia na kuamua sababu haitoshi. Yeye alikuwa na sababu, na akanieleza, na ilikuwa nzito. Kwa kipimo changu angepata sifuri hapo. Usiku ule nilivunja swali vipande viwili: katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umelia? Na siku hizo, uliweza kuendelea na kazi zako? Nikarudi kwake kesho yake. Akajibu yote mawili bila kuniuliza maana.

Kuna pia swali la usingizi. "Unalala saa ngapi?" Lisome tena. Mmoja anasikia muda wa kupanda kitandani, mwingine anasikia jumla ya saa. Mmoja anajibu "saa nne" akimaanisha baada ya isha; mwingine anajibu "saa nne" akimaanisha usingizi wake wote, maskini. Ongeza msaidizi wa utafiti anayegeuza saa za Kiswahili kuwa za Kizungu na mwingine asiyegeuza, na safu yako ya takwimu ina 4 na 10 zilizochanganyika, huwezi tena kuzitenganisha. Mimi yalinikuta hayo, na safu hiyo niliifuta yote. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamenipa muda wao kuijibu, na jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Uliza hivi: ulipanda kitandani saa ngapi za usiku? Ukaamka saa ngapi? Andika kama alivyosema, kwa saa za Kiswahili, wasaidizi wote. Ugeuze mwenyewe ofisini, mara moja, kwa fomula moja.

Ngazi tano za Rensis Likert, za tangu 1932, nazo zichunguze. "Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Mzee aliyekukaribisha kiti na maji ya kunywa hatakuambia "sikubali kabisa". Wewe ni mgeni, na mgeni haambiwi hivyo. Atakubali maswali yote ishirini, hata yanayopingana, na utadhani hakusikiliza. Alisikiliza, akakufanyia adabu. Mchoree bilauri tano, tupu mpaka iliyojaa, umwombe aonyeshe kwa kidole. Au mpe punje za maharage aweke kwenye vikombe. Maswali mengine yageuze yaelekee upande wa pili ili uone kama anafuata. Halafu hesabu alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyoshikamana, ukipenda, na kamati itaipenda. Lakini ujue alfa ya 0.85 inaweza kupatikana kwa watu themanini waliokufanyia adabu kwa mpangilio mmoja.

Na hata pale maneno yanapokuwa sawa, vifaa vinaweza kupotosha. Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa 1979, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester maumbo ya kunakili. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda, kwani kusokota magari ya waya ndio uliokuwa mchezo wao wa kila siku. Kwa udongo wa kufinyanga, sare. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtoto wa Kilwa kishikwambi, muulize ameshawahi kukigusa. Kama hajawahi, unapima kishikwambi.

Tumia kwenye dodoso theluthi ya muda wako wote. Watu watakuambia umechelewa. Nakwambia hakuna sehemu nyingine ya kozi hii ambayo kazi ya mtu mmoja, bila maabara na bila fedha za wafadhili, inaweza kuwafaa wengine kwa miaka mingi kama hii. Maswali kumi ya Kiswahili yaliyopimwa vizuri yatatumiwa na muuguzi wa Lindi, na mwalimu wa Mombasa, na mwanafunzi wa Bukavu ambaye atayarekebisha kwa Kiswahili chake na kukushukuru kwa kumpunguzia nusu ya safari.

Vibali sasa, kwa haraka, ingawa havitakwenda haraka. Nunua viatu kabla ya vitabu. Kwanza kamati ya maadili ya chuo. Kwa Kenya, ukitoka hapo unaomba leseni ya NACOSTI, ukifika kaunti unajitambulisha. Kwa Tanzania, barua ya chuo inakwenda mkoani, mkoa unaandika wilayani, wilaya kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, na mtendaji anakupa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. Utafiti wa afya una mlango wake, NIMR. Beba nakala kumi za kila barua kwenye bahasha ya plastiki, na kalamu yako mwenyewe. Ukiambiwa "Mtendaji yupo kikaoni", kaa kwenye benchi. Msalimie karani, muulize habari za nyumbani, naye atakuambia kikao kinaisha saa ngapi na mwenyekiti wa mtaa anapatikana kwenye banda gani la kahawa. Wenyeviti wa mitaa ndio maprofesa wa maeneo yao. Mimi mmoja wao alinizuia kuanza kazi wiki ya mnada, akasema hakuna mtu atakayekaa. Nilimsikiliza, na sikupoteza nauli.

Fomu ya ridhaa isomeke kwa sauti, kwa lugha ya kawaida, na mtu aweze kukataa bila aibu. Saini inawatisha wengi, kwa sababu karatasi za kusaini wanazozijua ni za mikopo na za mashamba. Eleza karatasi inakwenda wapi na nani ataiona. Muda wa watu una thamani, walipe nauli na soda kwa kiwango ambacho kamati imekikubali. Na hojiana faragha: mke hatajibu swali la huzuni huku mama mkwe anachambua mchele hatua tatu pembeni. Subiri mchele uishe, au rudi kesho.

Zaidi ya yote, uwe na mpango ulioandikwa wa siku mshiriki atakapokuambia hataki kuishi. Usiseme "nikifika hapo nitajua". Andika utasimamisha mahojiano, utabaki naye, utampigia nani, nani atamsindikiza kliniki, nauli inatoka wapi. Wafundishe wasaidizi wako mpango huo mpaka waukariri. Mtu hatakiwi kufungua jambo hilo mbele yako halafu wewe ugeuze ukurasa uende swali la kumi.

Ukirudi na takwimu, usizifungue. Kwanza kaa uandike utachambua nini, kwa kipimo gani, na utawaondoa washiriki gani kwa sababu gani. Andika tarehe, mtumie supavaiza, au usajili mpango huo bure kwenye hazina ya wazi ya mtandaoni. Ukishafungua faili, moyo wako utaanza kutafuta njia za mkato kwa jina la uhodari. Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha hilo mwaka 2011: kwa kuchagua vipimo na kuacha vingine, walipata "ushahidi" kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa Beatles kunapunguza umri wa mtu kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Hesabu zao zilikuwa halali, njia ndiyo iliyokuwa imepinda, na waliipinda makusudi ili wengine waone. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya zile za awali, 97% zilikuwa na matokeo yenye nyota ya umuhimu wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni 36%. Na Diederik Stapel wa Tilburg, aliyeanguka 2011, hakuhitaji hata kupinda. Alizitunga takwimu mwenyewe, na makala zaidi ya hamsini zikafutwa. Wanafunzi wake wa udaktari walijenga tasnifu juu ya mchanga huo bila kujua. Watu hao ndio ninaowakumbuka mtu anaponiambia "rekebisha kidogo tu itoke".

Kama thamani yako ya p imetoka 0.31, andika 0.31. Tasnifu inapimwa kwa swali, mbinu na ukweli wa maelezo. Ulikuwa na watu wa kutosha? Kipimo kilikuwa kinaeleweka? Basi kutoona tofauti ni jambo umeligundua, na mwenzako wa Morogoro ataokoa mwaka mzima kwa kukusoma. Huhitaji SPSS ya kuvunjwa kufuli iliyojaa virusi: JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam ni ya bure, na R, iliyoanzia Auckland, ni ya bure pia. R itakusumbua wiki sita za kwanza. Weka nakala ya kila kitu kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe, na flashi hizo zisikae kwenye begi moja.

Utetezi wenyewe utapita. Kunywa maji, sikiliza swali mpaka mwisho, sema "sijui" pale usipojua. Marekebisho yafanye ndani ya wiki mbili, kabla hujasafiri kwenda kupumzika.

Halafu rudi mtaani. Watafiti wengi hawarudi, na wenyeji wanajua hivyo. Ukionekana tena huna dodoso mkononi, watashangaa. Muombe mwenyekiti nusu saa kwenye kikao chochote, useme kwa Kiswahili umeona nini. Mimi nilirudi na karatasi moja. Mama wa vitumbua alikuja, akakaa mbele, akasikiliza mpaka nilipofika kwenye swali lake, lile lililovunjwa vipande viwili. Akanyoosha mkono.

"Na wale waliokuambia ndiyo, tunashindwa kufanya kazi, mliwafanyia nini?"

Nikamweleza: niliwaandikia barua, nikawapa nauli, nikawaonyesha mlango wa kliniki. Baadhi walikwenda.

"Na ambao hukuwahoji? Wao mlango wataujuaje?"

Akaomba karatasi yenye jina la kliniki, siku na namba ya simu, aipeleke kwenye vikoba vyao Alhamisi. Sikuwa nayo. Nilichukua bajaji mpaka steshenari, nikachapa ishirini, zikaisha kabla sijamaliza kukunja viti. Kwa hiyo kwenye bajeti ya andiko lako, chini ya nauli na bando, weka mstari wa nakala mia mbili za ukurasa huo. Herufi ziwe kubwa, na muda wa kliniki uandikwe kwa saa za Kiswahili.